Kasi na Uchangamfu wa Majiji Makubwa ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Idadi za watu zilizotumika hapa ni za sensa ya 2020, na zinahusu eneo lililo ndani ya mipaka ya jiji lenyewe, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Mabishano mengi kuhusu majiji haya hutokana na watu wawili kuzungumzia mipaka miwili tofauti bila kujua.

## Mambo ya msingi

1. Je, kasi ya jiji na uchangamfu wake ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa watu huvichanganya kila siku. Kasi inahusu namna watu wanavyotumia muda wao: wanavyotembea, wanavyohudumiana dukani, na kiasi wanachoweza kuvumilia kucheleweshwa. Uchangamfu unahusu wingi na aina ya mambo yanayotendeka mbele ya macho ya mpita njia, kama vile maduka yaliyo wazi, watu waliokaa nje, muziki, biashara ndogondogo, na uwezekano wa kukutana na jambo ambalo hukulipanga.

Mitaa ya mabenki ya Lower Manhattan huko New York, saa mbili asubuhi, ina kasi kubwa na uchangamfu mdogo, kwa kuwa kila mtu anapita tu kuelekea kwenye lifti ya ofisi yake. New Orleans iko upande wa pili kabisa (tazama swali la 10). Anayeuliza jiji gani limechangamka, ilhali anachokitafuta ni mahali ambapo kazi na mambo huenda upesi, atapata jibu sahihi lisilomfaa.

2. Kasi hiyo inapimwaje?

Mwaka 1976 watafiti Marc na Helen Bornstein walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima mwendo wa watembea kwa miguu katika miji na majiji ya nchi kadhaa. Walikuta kwamba kadiri mji unavyokuwa na watu wengi, ndivyo wapita njia wanavyokaza mwendo.

Miaka kadhaa baadaye Robert Levine, mwanasaikolojia aliyefundisha chuo kikuu huko Fresno, California, alilinganisha majiji 36 ya Marekani kwa vipimo vinne: mwendo wa miguu, wepesi wa makarani wa benki, kasi ya kuongea ya makarani wa posta, na idadi ya watu waliovaa saa mkononi. Boston iliongoza, Buffalo ikafuata, na New York ikawa ya tatu. Los Angeles ikashika mkia. Kwa jumla Kaskazini-Mashariki ya nchi ilionekana kuwa na haraka na Magharibi kuwa na utulivu. Kipimo cha saa za mkononi kimepitwa na wakati tangu simu zilipochukua kazi hiyo, na jiji ambalo wakazi wake hawatembei kwa miguu haliwezi kuhukumiwa vizuri kwa mwendo wa wachache wanaotembea. Hata hivyo, mpangilio ule haujamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuishi pande zote mbili, isipokuwa kwa Buffalo.

3. Kwa nini New York hutajwa ya kwanza kila mara?

Kwa sababu ya msongamano. Watu 8,804,190 wanaishi katika nchi kavu ya takriban kilomita za mraba 780, yaani zaidi ya watu 11,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hakuna jiji jingine kubwa la Marekani linalokaribia wastani huo.

Msongamano huo ulipewa umbo na maamuzi ya zamani. Mpango wa 1811 uliikata Manhattan kwa mitaa iliyonyooka, na kutoka mtaa mmoja wenye namba hadi unaofuata ni kama mita 80 tu, hivyo mtembeaji hufika kwenye kona mpya kila baada ya dakika moja. Treni za chini ya ardhi zilianza 1904 na sasa zina stesheni 472. Zaidi ya nusu ya kaya za jiji hazina gari. Maisha ambayo kwingine Marekani hufanyika ndani ya gari, kama kula kifungua kinywa, kupiga simu, kugombana na mpenzi au kubeba kapeti jipya, hapa hufanyika njiani, mbele ya watu. Manhattan pia haina vichochoro vya nyuma, kwa hiyo mifuko ya takataka, mizigo ya maduka na wateja wa migahawa vyote hugombea njia ileile ya miguu.

4. Je, ukubwa wa idadi ya watu hautoshi kueleza uchangamfu?

Hautoshi. Houston ina watu 2,304,580, ikiwa ya nne nchini, lakini wametapakaa katika takriban kilomita za mraba 1,650. San Francisco yenye watu 873,965 imejibana katika kilomita za mraba 121 kwenye ncha ya rasi, na mgeni atakutana na watu wengi zaidi kwa saa moja ya kutembea huko.

Kuna jambo linalowashangaza hata Wamarekani: ukichukua eneo lote lililojengwa, pamoja na viunga, Los Angeles ina msongamano mkubwa kuliko New York. Viunga vya New York huko New Jersey, Long Island na Connecticut vina nyumba zenye viwanja vikubwa, ilhali vya Los Angeles vimebanana. Tofauti ni kwamba New York ina kilele kimoja kirefu mno, na Los Angeles ina uwanda mpana wa msongamano wa kati ambao haufiki popote kwenye wingi wa kuzalisha umati.

Urefu wa kipande cha mtaa nao una uzito wake. Katikati ya Portland, Oregon, ni kama mita 61 kutoka kona hadi kona. Salt Lake City ni kama mita 200. Anayetembea Portland hupewa njia ya kugeukia mara tatu zaidi, na wenye maduka hupata kona nyingi za kufungulia biashara.

## Jiji kwa jiji

5. Siku ya kwanza New York ikoje?

Inachosha, hasa kwa sababu mgeni hajui mahali pa kusimama. Katika stesheni ya Times Square–42nd Street, ambako njia kadhaa za treni hukutana, umati huteremka ngazi kwa upande mmoja na kupanda kwa mwingine, na mtu anayesimama kileleni mwa ngazi asome ramani kwenye simu huwazuia wengi kabla hajainua macho. Wenyeji hawamtukani. Humpita kwa karibu mno, wakisema samahani kwa sauti isiyo na samahani yoyote ndani yake. Dawa ni ndogo: sogea ukutani, soma, kisha rudi kwenye mkondo.

Somo la pili hupatikana kwenye bodega, yaani duka dogo la kona. Mteja wa asubuhi huagiza mkate wa yai, jibini na nyama kwa pumzi moja, akitaja hapohapo chumvi, pilipili na ketchup, huku kadi au noti iko mkononi. Mpishi hageuki. Mkono mmoja unavunja mayai juu ya bamba la chuma, mwingine unapasua mkate, na baada ya muda mfupi kitu kimefungwa katika karatasi na kukatwa katikati. Anayefika mbele ya kaunta ndipo aanze kufikiri ataombwa apishe. Hapo ndipo mtu huelewa kwamba haraka ya New York ni namna ya kuheshimu muda wa aliye nyuma yako kwenye foleni.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya sehemu fulani za jiji. Jackson Heights huko Queens imejaa watu lakini hakuna anayekimbia, na sehemu kubwa ya Staten Island ni nyumba za familia zenye gari mlangoni, ambazo mgeni angedhani ziko katika jimbo jingine.

6. Chicago inalinganishwaje na New York?

Chicago ina watu 2,746,388, na wengi walioishi katika majiji yote mawili huiona kuwa na ukubwa wa jiji halisi bila kumkaba mtu koo. Maghorofa yapo, na ya zamani pia, kwani jengo la Home Insurance lililokamilika hapo 1885 huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa maghorofa marefu yenye fremu ya chuma. Treni za juu ya nguzo zimekuwepo tangu 1892, na kitanzi chao kinachozunguka katikati ya jiji kilikamilika 1897; ukisimama chini yake Wells Street huwezi kumsikia mwenzako mpaka treni ipite.

Kinacholegeza mambo ni nafasi. Chicago ina vichochoro nyuma ya nyumba, kwa hiyo takataka na mizigo hupitia huko na njia za miguu hubaki safi. Upande wa mashariki kuna Ziwa Michigan, na njia ya ufukweni ya takriban kilomita 29 iliyo wazi kwa kila mtu. Hata anwani zimetulia, kwa kuwa namba zote huhesabiwa kuanzia makutano ya State na Madison, hivyo mtu akipewa namba anajua yuko umbali gani. Hayo ni ya majira ya joto. Kuhusu Januari, tazama swali la 12.

7. Kwa nini Los Angeles huitwa ya polepole ilhali ina watu karibu milioni 4?

Kwa sababu haraka yake imefungiwa ndani ya magari, na magari yamesimama. Jiji lina watu 3,898,747, na wilaya nzima ya Los Angeles ina takriban milioni 10. Mpangilio wake wa kutapakaa haukuletwa na magari peke yake kama inavyosemwa. Ulianza na treni za umeme za kampuni ya Pacific Electric, zilizobeba watu hadi vitongoji vya mbali. Ya mwisho ilikoma 1961, wakati barabara kuu za njia nyingi, zilizoanza na Arroyo Seco Parkway mwaka 1940, zilikuwa zimeshachukua nafasi yake. Reli mpya zilirudi 1990.

Matokeo yake ni jiji linalopangwa kwa miadi. Mtu haendi kuona kuna nini. Anakubaliana na mwenzake mahali na saa, kisha wote wawili wanachelewa na hakuna anayenuna. Anayetoka New York huudhika na hali hii kwa miezi ya kwanza, na baadaye huanza kuitumia yeye mwenyewe.

Uchangamfu upo, ila haujitangazi. Koreatown ni miongoni mwa mitaa yenye watu wengi zaidi Magharibi, na migahawa yake ya nyama choma hujaa hadi usiku mwingi. Jioni, kwenye kona za mashariki na kusini mwa jiji, wauzaji wa taco, chakula cha Kimeksiko cha nyama katika chapati ndogo ya mahindi, hutandika meza, huwasha taa ya jenereta na kusimamisha mshikaki mkubwa wa nyama wenye nanasi juu. Mkataji hutupa kipande cha nanasi hewani kwa kisu na kukidaka kwenye chapati ya mahindi. Aliyekaa tu kati ya hoteli na ufuo ataondoka akiamini jiji halina watu njiani.

8. Mbona mitaa ya katikati ya Houston, Dallas na Phoenix huonekana mitupu saa sita mchana?

Kwa Houston jibu liko chini ya miguu yako. Majengo ya katikati ya jiji yameunganishwa na njia za chini ya ardhi zenye urefu wa takriban kilomita 10, zenye migahawa, vinyozi, maduka ya dawa na foleni za chakula cha mchana. Juu kuna joto na barabara pana isiyo na mtu. Chini kuna mamia ya wafanyakazi wenye vitambulisho shingoni. Jioni na wikendi sehemu kubwa ya njia hizo hufungwa. Mgeni anayefika Jumamosi hukuta pote pawili pamekufa, na kusimulia kwao kwamba Houston haina maisha.

Kosa ni kuyatafuta maisha hayo katikati ya jiji. Wapiga kura wa Houston walikataa sheria ya kugawa matumizi ya ardhi mara tatu, 1948, 1962 na 1993, kwa hiyo mgahawa wa Kivietnamu, karakana na kanisa vinaweza kupakana kwenye eneo moja la maduka kando ya barabara kuu. Bellaire Boulevard, upande wa kusini-magharibi, ina vyakula vya nusu ya dunia, lakini utavifikia kwa gari na kuegesha mbele ya kila mlango. Dallas nayo inategemea gari vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa.

Phoenix ni suala la jua. Mwaka 2023 jiji hilo lilikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Katika majira hayo watu hutembea milimani kabla jua halijachomoza na kutoka tena usiku. Mchana hakuna wa kulaumiwa kwa kubaki ndani.

9. Vipi kuhusu Boston, Philadelphia, Washington na San Francisco?

Boston ina haraka na hulala mapema. Ilikuwa ya kwanza Marekani kuwa na treni ya chini ya ardhi, 1897, lakini siku nyingi treni hizo hukoma karibu saa saba usiku, na jimbo lake limepiga marufuku punguzo la bei za vileo vya jioni tangu 1984. Wanafunzi huibadilisha kila Septemba.

Philadelphia, kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, ndiyo inayodharauliwa bila haki. Nyumba zake za safu za South Philadelphia zina ngazi fupi mlangoni, na jioni za joto watu hukaa hapo kama Waswahili wanavyokaa barazani, wakimsalimu kila apitaye na kumkosoa baada ya kupita. Soko la Reading Terminal limekuwepo tangu 1893. Kasi yake ni ya wastani na kodi za nyumba ni nafuu kuliko New York, iliyo mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa treni.

Washington hufuata ratiba ya ofisi. Sheria ya 1910 inazuia majengo marefu, hivyo anga liko wazi na umati hausongamani; maisha ya usiku yako U Street, 14th Street na Adams Morgan. Ukiwa kwenye ngazi za umeme za treni zake, simama kulia, kwani hapo ndipo watumishi wa umma hupoteza upole wao.

San Francisco inaelezwa katika swali la 13.

10. Je, kuna majiji yenye uchangamfu mkubwa bila haraka?

New Orleans na Miami. New Orleans ina watu 383,997 tu, lakini sheria haiwekei baa muda wa kufunga, na mtu anaruhusiwa kutembea mtaani na kinywaji mradi kiwe katika kikombe cha plastiki. Katika Jumapili nyingi za mwaka, vyama vya kusaidiana vya Wamarekani Weusi huandaa maandamano ya bendi za matarumbeta mitaani, na yeyote anaweza kujiunga nyuma akicheza. Hakuna tiketi, na anayeuliza yataisha saa ngapi huangaliwa kwa huruma.

Miami huendeshwa kwa Kihispania na kahawa. Kwenye kidirisha cha mgahawa wa Kikuba, watu husimama wakinywa vikombe vidogo vya kahawa yenye sukari nyingi na kubishana siasa, kila mmoja akiwa amesema ana haraka.

## Saa, siku na majira

11. Jiji gani hasa halilali?

Kwa usafiri, New York, ambayo treni zake hufanya kazi saa 24. Zilisitishwa usiku kwa takriban mwaka mmoja tu, kuanzia Mei 2020, kwa sababu ya janga la korona. Chicago huendesha njia mbili usiku kucha, ya rangi nyekundu na ya buluu. Treni za BART za eneo la San Francisco hukoma karibu saa sita usiku.

Kwa baa, New York huruhusu hadi saa kumi alfajiri, California hadi saa nane usiku, na New Orleans imeshaelezwa. Lakini usiku wa New York huendeshwa zaidi na watu wa zamu kuliko wa starehe. Ndani ya treni ya saa tisa usiku wengi ni wauguzi, wapishi na wasafishaji wa ofisi, wamelala wima na kuamka kwenye stesheni yao bila kukosea.

12. Majira ya baridi huathiri vipi?

Sana, na matangazo ya utalii hayasemi. Chicago ya Julai huwa na tamasha la mtaani karibu kila wikendi. Chicago ya Januari ni watu waliofunika nyuso wakikimbia kutoka mlango hadi mlango. Theluji ikianguka, aliyechimbua nafasi ya kuegesha gari lake huweka kiti kibovu au ubao wa kupigia pasi mahali hapo kuidai, na majirani huheshimu madai hayo kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Minneapolis ilianza kujenga madaraja yaliyofunikwa kati ya majengo mwaka 1962, na sasa mtandao wake una takriban kilomita 15. Ni raha kwa mfanyakazi na hasara kwa duka la barabarani, kwa sababu ileile inayoikabili Houston katika swali la 8.

13. Je, ni kweli kwamba maeneo ya katikati ya majiji yamekufa tangu 2020?

Yale yaliyotegemea ofisi pekee yaliumia. San Francisco ndiyo mfano mkubwa, kwa kuwa kazi zake nyingi ni za teknolojia na zinaweza kufanyiwa nyumbani. Mitaa ya ofisi ilibaki na vioo vitupu na vibao vya kukodisha, huku Mission, Chinatown na North Beach, ambako watu wanaishi, zikiendelea na pilikapilika zao. Manhattan iliumia pia, lakini chini ya ofisi zake kuna wakazi, kumbi za maonyesho na watalii. Mtaa wenye matumizi ya aina moja huwa na maisha ya zamu moja.

## Kuishi na kuzoea

14. Je, naweza kuishi bila gari?

New York ndiyo, bila wasiwasi, na huenda gari likawa mzigo, kwani mwenye gari huamka kulihamisha upande mwingine wa mtaa siku za kufagia. Chicago, Boston, Philadelphia, Washington na San Francisco inawezekana ukichagua makazi karibu na treni. Los Angeles inawezekana kwa uvumilivu. Houston, Dallas, Phoenix na sehemu kubwa ya Atlanta, kutokuwa na gari kunamaanisha kuishi katika jiji dogo zaidi kuliko lile lililo kwenye ramani.

15. Mtu aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam ataona tofauti gani?

Kasi ya miguu haitamshangaza. Katika ulinganisho mwingine wa Robert Levine, uliohusisha nchi 31 na kuchapishwa 1999, Kenya ilikuwa ndani ya kumi za kwanza kwa mwendo wa miguu, ingawa ilishuka sana kwa wepesi wa huduma za posta.

Kitakachomshangaza ni utupu. Katika viunga vya Atlanta au Dallas anaweza kutembea nusu saa bila kukutana na mtu, na dereva akapunguza mwendo kumuuliza kama gari lake limeharibika. Hakuna genge, hakuna muuza mahindi, hakuna bodaboda kijiweni; ukiishiwa chumvi, unawasha gari. Atakayetaka kuondoa upweke huo aende Roosevelt Avenue huko Queens, chini ya reli ya treni namba 7, ambako wachuuzi wamepanga matunda yaliyokatwa, simu na nguo kando ya njia, na ambako ni vigumu kusonga hatua kumi bila kuitwa mteja.

16. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaishi zaidi katika majiji hayo yenye pilikapilika?

Si kwa wingi ambao mtu angetarajia. Wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi walipelekwa na mashirika ya makazi mapya katika miji ya Texas, Kentucky, Ohio, Arizona na kwingineko, ambako kodi zilikuwa nafuu. Jumuiya kubwa za Wakenya zimo maeneo ya Dallas, Minneapolis, Atlanta na miji ya Massachusetts kama Lowell. Kwa hiyo Marekani ambayo ndugu anaisimulia kwa simu mara nyingi ni ya viunga: zamu mbili, gari, kanisa au msikiti Ijumaa au Jumapili, na sherehe kwenye ukumbi wa kukodi. Uchangamfu wake uko ndani ya nyumba za watu, na mpita njia hauoni.

## Mambo yasiyo ya kawaida

17. Las Vegas iwekwe wapi katika ulinganisho huu?

Pembeni. Barabara ya kasino inayojulikana duniani kote, kwa sehemu kubwa, haimo hata ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Iko Paradise, eneo lisilo na serikali yake ya mji, chini ya wilaya ya Clark. Umati ni wa kweli, lakini ni wa wageni, na umepangwa upite mbele ya mashine za kamari. Wakazi huishi mbali na hapo, katika viunga vinavyofanana na vya Phoenix.

18. Je, jiji linaweza kupoteza uchangamfu wake na kuurudisha?

Detroit ilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950 na 639,111 mwaka 2020. Viwanda vya magari vilihama au kupunguza watu, familia za Wazungu zilikimbilia viunga, barabara kuu zilibomoa mitaa ya biashara ya Weusi kama Hastings Street, na mwaka 2013 jiji likaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Katikati pamefufuka: stesheni ya Michigan Central, iliyokuwa gofu, ilifunguliwa upya 2024 baada ya kukarabatiwa na kampuni ya Ford, na Eastern Market hujaa kila Jumamosi. Lakini ukiendesha gari kwa dakika kumi kutoka hapo utapita vipande vya mtaa vyenye nyumba mbili na majani marefu. Aliyeona picha za katikati pekee na aliyeona za magofu pekee wote wamedanganywa nusu.

19. Serikali inaweza kupanga uchangamfu?

Inaweza kuuondolea vizuizi. Mwaka 2009 New York ilifunga Broadway kwa magari pale Times Square na kuweka viti. Watu walikaa siku ileile. Tangu tarehe 5 Januari 2025 mamlaka ya usafiri ya jimbo, MTA, hutoza magari madogo dola 9 saa za msongamano kuingia Manhattan kusini mwa 60th Street. Los Angeles, tangu 2010, hufunga barabara fulani kwa magari katika baadhi ya Jumapili, na maelfu hujitokeza kwa baiskeli, jambo linalopinga madai kwamba watu wa huko hawapendi kuwa nje.

20. Nitautambuaje mtaa kabla ya kusaini mkataba wa nyumba?

Usiutembelee Jumamosi mchana pekee, kwa sababu karibu kila mtaa hujitahidi wakati huo. Nenda Jumanne, saa tatu usiku. Angalia kama kuna duka la chakula lililo wazi ambalo unaweza kulifikia kwa miguu, kama wanawake wanatembea peke yao bila kukaza mwendo, na kama vituo vya basi vina watu wanaosubiri. Rudi saa moja asubuhi siku ya kazi, simama kituoni, na uhesabu ni mabasi au treni ngapi zinapita zikiwa zimejaa bila kuchukua mtu. Kisha muulize mwenye duka la kona anafunga saa ngapi wakati wa baridi.